Kabla Halmashauri Haijanunua Mfumo wa Simu za Dharura: Mwongozo kwa Mwanza na Mwambao wa Ziwa

Halmashauri inayofikiria kununua mfumo wa kompyuta wa kupokea simu za dharura na kutuma magari inapaswa kwanza kujua dakika zake zinapotelea wapi. Mfumo wa aina hii hufanya mambo machache yanayoeleweka: humwezesha mpokea simu kuandika tukio mara moja tu, huliweka tukio hilo kwenye ramani, hupendekeza gari lililo karibu na lenye vifaa vinavyohitajika, humfikishia dereva maelezo bila kuyasimulia upya, na hutunza saa ya kila hatua. Kazi zote hizo hufanyika mezani. Dakika zinazopotea mbali na meza, kwa mfano gari linaposubiri mafuta au machela inapopandishwa kwa mikono katika vijia vya mawe vya Mabatini na Igogo, haziguswi na programu yoyote, hata iwe ya bei gani.

Maelezo yafuatayo yamekusudiwa madiwani, wakuu wa idara, maafisa TEHAMA na maafisa ununuzi, na yamepangwa kwa kadiri ya utaratibu ambao mambo yanapaswa kufanyika. Msomaji ataona kwamba kompyuta yenyewe inachelewa kutajwa. Nimefanya hivyo makusudi.

Pimeni kwanza kwa daftari

Kwa miezi mitatu, kila kituo kinachotuma gari la wagonjwa kiandike nyakati saba kwa kila tukio: simu ilipoita, ilipopokewa, dereva alipoarifiwa, gari lilipoondoka, lilipofika kwa mgonjwa, lilipofika hospitali, na lilipokuwa tayari kwa safari nyingine. Daftari la kawaida lenye mistari linatosha, mradi saa ya ukutani iwe sahihi na anayeandika awe yuleyule aliyepokea simu. Kazi hii haihitaji zabuni wala kibali, na matokeo yake yana thamani kuliko andiko lolote la mshauri mwelekezi.

Mkishapata takwimu, tazameni pengo kati ya wakati mmoja na unaofuata. Pengo likiwa kubwa kati ya kupokea simu na kumwarifu dereva, maana yake watu wanatafutana kwa simu, wanabishana gari la nani liende, au wanauliza maelekezo mara tatu. Hapo mfumo utasaidia, na pengine sana. Pengo likiwa kati ya dereva kuarifiwa na gari kuondoka, tatizo ni mafuta, dereva aliyelala nyumbani kwake, au gari lililo gereji tangu mwezi uliopita. Likiwa kati ya kuondoka na kufika, chunguzeni kama gari lilipotea njia, jambo ambalo ramani nzuri inaweza kulipunguza, au kama barabara yenyewe ndiyo mbaya. Pengo la mwisho, baada ya kufika hospitali, husahaulika na watu wengi: gari linaweza kukaa saa nzima kwa sababu machela yake imebaki na mgonjwa wodini, na wakati huo katika orodha linaonekana lipo kazini.

Msiridhike na wastani. Tuseme kati ya simu kumi, tisa zilihudumiwa kwa dakika 12 kila moja na moja kwa dakika 90. Wastani utakuwa karibu dakika 20, muda ambao haukumpata hata mmoja kati ya wale kumi. Ni afadhali kuzipanga simu 100 kuanzia iliyohudumiwa upesi hadi iliyochelewa zaidi, kisha kuitazama ya 90. Muda wake ndio utakaowaambia madiwani huduma inafanyaje pale inapoelemewa, na ndio utakaotumika baadaye kupima kama mfumo ulionunuliwa umebadilisha chochote.

Gari ni la nani, namba ni ya nani

Hapa ndipo mipango mingi ya namna hii hukwama, na si kwa kosa la fundi. Zamani zimamoto ilikuwa idara ya mji. Tangu Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, kazi hiyo imo mikononi mwa jeshi lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, lenye namba yake ya dharura 114. Polisi wana 112. Wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wana mpango wa m-mama unaopigiwa namba 115 bila malipo. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda na Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa, na wala moja kati ya hizo haipokei amri kutoka kwa mkurugenzi wa halmashauri. Kilicho mkononi mwa halmashauri moja kwa moja ni magari ya wagonjwa ya vituo vyake vya afya na hospitali yake, watumishi wake, na watendaji wa kata na mitaa.

Kwa hiyo halmashauri ikinunua mfumo peke yake, itakuwa imenunua uwezo wa kuona moto kwenye ramani bila uwezo wa kulituma gari la kuuzima. Lazima pawepo hati ya makubaliano, iliyosainiwa kabla ya tangazo la zabuni, inayosema ni nani anayepokea simu, ni nani mwenye mamlaka ya kusema "nenda", gari la taasisi moja likitumwa na kituo cha taasisi nyingine mafuta yanalipwa na nani, na likipata ajali njiani nani anawajibika. Mahali pa kuijadili hati hiyo papo tayari: kamati ya usimamizi wa maafa ya wilaya, ambayo Mkuu wa Wilaya ni mwenyekiti wake, huwakutanisha polisi, zimamoto, afya na halmashauri kwenye meza moja. Meza ni ya Mkuu wa Wilaya na mfuko wa fedha ni wa halmashauri. Ni vema hilo likasemwa wazi mapema.

Mwanza ina ugumu mwingine, kwa kuwa mji ni mmoja lakini halmashauri ni mbili: Jiji la Mwanza upande wa Nyamagana, na Manispaa ya Ilemela. Mtu anayesimama upande wa Nyamagana anaweza kuripoti moto anaouona Kirumba, ambako ni Ilemela, na mkazi wa kawaida hajui wala hana haja ya kujua mpaka unapita wapi. Mifumo miwili isiyozungumza ingekuwa mibaya kuliko daftari moja. Iwapo Jiji na Manispaa haziwezi kukubaliana kununua pamoja, basi angalau zikubaliane kwamba tukio lililoandikwa upande mmoja litaonekana upande wa pili papo hapo, bila mtu kupiga simu ya pili.

Msianzishe namba mpya. Mwananchi mwenye mgonjwa mikononi hakumbuki namba ya nne, na namba fupi za dharura zenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kabla ya kufikiria kitu kipya, nendeni mkaone m-mama inavyofanya kazi, kwa sababu wilaya ya Sengerema ni miongoni mwa mahali mpango huo ulipojaribiwa kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Muuguzi huuliza maswali yaliyopangwa, mfumo hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana humtafuta dereva wa kijiji aliyesajiliwa, ambaye hulipwa nauli yake kwa simu. Yaani sehemu kubwa ya jambo mnalotaka kulinunua limekwisha kufanyika ng'ambo ya ghuba, kwa aina moja ya wagonjwa. Swali la kwanza kwa wizara na mkoa liwe kama linaweza kupanuliwa, na Mamlaka ya Serikali Mtandao nayo itataka kujua hivyo hivyo, kwani chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 miradi ya TEHAMA ya taasisi za umma hupitia kwake, na mifumo inayorudufu iliyopo haipendwi.

Ramani ya mji wa mawe na maji

Niliwahi kukaa katika onyesho la mfumo mmoja ambako ramani iliyotumika ilikuwa ya mji wa nchi nyingine, wenye barabara zilizonyooka kama zimepigwa rula. Kila gari lilifika kwa wakati. Hakuna aliyemwomba mtoa maelezo amtafute mgonjwa aliye Bugarika, nyuma ya jiwe kubwa, kwenye nyumba inayofikiwa kwa ngazi alizochonga mwenye nyumba mwenyewe.

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, na kumbukumbu zake zimo katika mfumo wa kitaifa wa NaPA. Mfumo wowote utakaonunuliwa lazima uzisome anwani hizo. Hata hivyo, anayepiga simu kwa hofu hasemi namba ya nyumba. Husema "panda na njia ya msikiti, ukifika kwenye mashine ya kusaga ulizia kwa mama fulani". Kwa hiyo orodha ya alama zinazojulikana ni sehemu ya mfumo kama ilivyo seva. Watendaji wa mitaa na wenyeviti wao wanaweza kuikusanya kwa wiki chache: misikiti, makanisa, mashine, visima, maduka ya dawa, vijiwe vya bodaboda. Katika makazi ya milimani, kwa kila mtaa ioneshwe pia mahali gari linapoishia na machela inapoanzia, kwa sababu dereva akijua mapema kwamba atabeba mgonjwa mita 300 kwa miguu, atachukua watu wanne badala ya wawili.

Ramani nayo huzeeka. Hadi Juni 2025, safari ya kutoka Sengerema kuja Bugando kwa njia ya Busisi ilitegemea kivuko na foleni yake. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa mwezi huo, hesabu yote ya nani yuko karibu na nani ilibadilika kwa siku moja. Mkataba useme ni nani anayerekebisha ramani, ndani ya siku ngapi, na kama halmashauri inaweza kuirekebisha yenyewe bila kumlipa mzabuni kila barabara inapochimbwa.

Kisha lipo ziwa. Simu ya mvuvi aliye majini inaweza kushikwa na mnara ulio katika kisiwa kingine au wilaya nyingine, na mfumo unaokisia mahali kwa kutumia minara utamweka nchi kavu. Ukerewe, Buchosa, Sengerema na Ilemela haziwezi kununua mfumo wa nchi kavu peke yake na kuuita wa dharura. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na ndege ya abiria ilipotumbukia ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, watu wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na wakazi wa karibu wakiwa na mitumbwi yao. Hivyo orodha ya vyombo inayoingizwa katika mfumo isiishie kwenye magari ya serikali. Kila mwalo uwe na majina ya viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, namba zao za simu mbili mbili, idadi ya mitumbwi ya injini, na nani mwenye mafuta usiku. Mradi wa mawasiliano na uchukuzi wa Ziwa Victoria, unaoratibiwa na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iliyoko Kisumu, umepanga kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji kiwe Mwanza. Makubaliano ya kubadilishana taarifa na kituo hicho yaandikwe kama sharti, wala yasiachwe kuwa matumaini.

Na lugha. Mtu akishikwa na hofu hurudi kwenye lugha ya nyumbani kwao. Katika kila zamu awepo anayesikia Kisukuma vizuri, na kwa visiwani Kikerewe au Kijita.

Ikama kabla ya leseni

Wiki ina saa 168. Mtumishi mmoja akifanya kazi saa 40 kwa wiki, kiti kimoja kinachofanya kazi usiku na mchana kinahitaji watu 4.2, na ukihesabu likizo, maradhi na mafunzo, ni watu 5. Viti viwili, yaani mmoja apokee simu na mwingine azungumze na magari, vinahitaji watu 10. Muulizeni afisa utumishi kama nafasi hizo zimo katika ikama, yaani orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa, na kama kibali cha ajira kinaweza kupatikana, kwa sababu jibu likiwa "tutawaazima kutoka idara nyingine", kituo kitakuwa na watu mchana wa siku ya uzinduzi na giza usiku wa Jumapili.

Bei iliyo kwenye karatasi na bei halisi

Bei ya leseni ni mwanzo tu. Takeni kila mzabuni aoneshe gharama za miaka mitano: leseni kwa kila kiti, vifaa vya kila gari, seva au ukodishaji wake, ramani, vifurushi vya intaneti vya magari, redio za upepo kwa maeneo yasiyo na mtandao, betri za akiba na jenereta, mafunzo ya awali na ya watumishi wapya, na matengenezo ya kila mwaka, ambayo katika soko la programu mara nyingi hufikia kati ya asilimia 15 na 20 ya bei ya leseni. Kwa maneno mengine, katika miaka mitano matengenezo peke yake yanaweza kukaribia au kulingana na bei ya kununulia. Bei ikifungwa kwa dola, andikeni nani anabeba hasara ya shilingi ikishuka. Kama mwaka wa kwanza unalipwa na mfadhili, kamati ya fedha ioneshwe ni kifungu gani cha mapato ya ndani kitakacholipa mwaka wa pili. Kifungu hicho kikikosekana, mjadala usimame hapo.

Ahadi ya upatikanaji wa mfumo nayo ifanyiwe hesabu mbele ya madiwani. Asilimia 99.5 inasikika vizuri, lakini maana yake mfumo unaruhusiwa kuzimika karibu saa 44 kwa mwaka. Asilimia 99.9 ni saa 8 na dakika 45 hivi. Ulizeni pia saa hizo zinahesabiwaje: kukatika kwa umeme na kwa mkongo wa intaneti kumo au kumetolewa?

Zabuni, na somo la London

Ununuzi utafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, na hapa sitarudia yale ambayo afisa ununuzi anayajua. Ninasisitiza mambo mawili tu: mahitaji yaandikwe kwa kazi inayotakiwa kufanyika, bila kunakili kipeperushi cha mzabuni mmoja, na uzito wa bei usiumeze uzito wa uzoefu.

Huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilijifunza hilo kwa uchungu. Mfumo wake wa kompyuta uliwashwa jiji zima kwa mkupuo tarehe 26 Oktoba 1992, ukiwa umetengenezwa na kundi la wazabuni walioshinda kwa bei ya chini sana, ilhali aliyepewa kazi ya programu hakuwa na uzoefu wa mfumo wa ukubwa huo. Taarifa za mahali magari yalipo zilikuwa na makosa. Mfumo ukatuma magari mawili kwenye tukio moja na kuyasahau matukio mengine. Ujumbe wa tahadhari ukajaa kwenye vioo hadi ule wa maana ukafichika. Wananchi waliochoka kusubiri wakapiga simu tena, na kila simu ya pili ikaongeza mzigo. Wakalazimika kurudi nusu njia kwenye utaratibu wa zamani. Tarehe 4 Novemba mfumo ukaganda kabisa usiku, kwa sababu ya kipande cha programu kilichosahauliwa na fundi, kilichokuwa kikila kumbukumbu ya kompyuta kidogo kidogo, na seva ya akiba haikuwa imejaribiwa ipasavyo. Uchunguzi uliotolewa Februari 1993 uligusa bei, mafunzo, uongozi na haraka ya kuwasha kila kitu siku moja. Mfumo mwingine, uliojengwa kwa hatua na kwa kuwashirikisha watumiaji, ulianza kazi mwaka 1996.

Kwa hiyo wakati wa tathmini, wazabuni waliofuzu wafanye onyesho kwa matukio mliyoyaandika ninyi, kwa ramani yenu, na wanaoketi kwenye kompyuta wawe wauguzi na askari watakaoitumia. Tukio moja liwe la mzigo: moto katika soko, watu 60 wakipiga simu ndani ya dakika kumi, kila mmoja akipataja mahali palepale kwa jina tofauti. Mfumo unaounda matukio 60 badala ya moja haufai. Tukio jingine liwe la kukata intaneti katikati ya simu. Ombeni orodha ya miji inayotumia mfumo huo kwa zaidi ya miaka miwili, kisha wapigieni wapokea simu wa huko, kwani mameneja wao watawaambia yaleyale yaliyo kwenye kipeperushi.

Simu za dharura hubeba siri za watu: nani kajifungua, nani kapigwa na mumewe, nani kanywa sumu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusika moja kwa moja, kuanzia usajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hadi kumbukumbu zinapohifadhiwa na kama zinaruhusiwa kutoka nje ya nchi. Mkataba utamke kwamba takwimu ni mali ya halmashauri na zitakabidhiwa katika muundo unaosomeka na programu nyingine siku mkataba utakapokwisha, bila malipo ya ziada.

Kuwasha

Anzeni na kata mbili au tatu, moja ya mjini na moja ya mwambao, na mchague miezi isiyo na mvua kubwa wala msongamano wa Nane Nane na mwisho wa mwaka. Katika miezi miwili ya mwanzo, mpokea simu aendelee kujaza pia kadi ya karatasi kwa kila tukio, na kila Ijumaa kadi zilinganishwe na kumbukumbu za kompyuta. Tofauti zitakazoonekana ndizo orodha ya kazi ya fundi kwa wiki inayofuata. Malipo ya mwisho kwa mzabuni yafungwe kwenye zile nyakati saba za daftari: muda wa simu ya 90 kati ya 100, kuanzia kupokelewa hadi dereva kuarifiwa, uwe umepungua kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba.

Baada ya hapo kadi zisitupwe. Mara moja kila mwezi, kwa siku ambayo msimamizi peke yake anaijua, kompyuta zizimwe kwa saa moja na zamu iliyopo ifanye kazi kwa kadi, redio na ramani iliyobandikwa ukutani, huku mtu akishika saa.